Ukitafuta Busia, Andika Kavirondo

Uko Busia au Malaba, simu ina bando, na unataka kujua yaliyoandikwa kuhusu kwenu. Labda wewe ni mwalimu wa historia. Labda unasoma Chuo Kikuu cha Alupe na msimamizi wako anadai mapitio ya maandishi kufikia Ijumaa. Labda ni wakala wa forodha tu, na umechoka kusikia mpaka wetu ukitajwa kwa sababu ya foleni ya malori na basi. Kazi hii unaiweza, na huhitaji nauli ya Nairobi ili uianze.

Wengi huandika "historia ya Busia" kwenye Google, wanaletewa hoteli na habari za sukari iliyokamatwa, wanakata tamaa. Maandishi yapo, tena mengi. Ila yamekaa chini ya majina ya zamani, kwenye anwani za zamani. Ukiyajua hayo mawili, jioni moja inatosha kupata vitu ambavyo hata mwalimu wako hakuwahi kuviona.

Anza na simu yenyewe. Mpakani simu hurukia mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio, zima data roaming, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ikuchagulie. Ukikaa karibu na daraja la Malaba, hatua hii peke yake itakuokolea salio. Tena Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, kwa hiyo simu ikishika mtandao wa upande ule, kikundi unachokitafuta huenda kisifunguke, nawe ukadhani kimefutwa.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama.

Kabla ya mwaka 1902, hapo ulipo palihesabiwa kuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mbali sana ndani ya nchi tunayoiita Kenya leo, na mwaka huo ndipo Waingereza walipouhamishia upande wa pili. Kwa hiyo ukitafuta maandishi ya wakati huo kwa neno "Kenya", hupati kitu. Andika "Uganda". C. W. Hobley, ofisa wa kikoloni aliyezunguka sana pande hizi, alitoa kitabu mwaka 1902 kiitwacho *Eastern Uganda: An Ethnological Survey*. Kwa jina utadhani ni habari za Soroti. Kumbe kinasimulia watu wa magharibi ya Kenya. Mwaka huohuo Harry Johnston alitoa *The Uganda Protectorate*, majalada mawili manene. Vyote viwili vinapatikana bure kwenye archive.org, maana haki za kuchapisha zilikwisha kitambo. Pakua faili ya PDF ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu ni nzito.

Baada ya 1902, neno lako kuu ni "Kavirondo". Ripoti za wilaya zilizogusa sehemu kubwa ya Busia ya leo ziko chini ya "North Kavirondo". Kuanzia 1948 jina likawa "North Nyanza". Miaka ya 1950 ikazaliwa "Elgon Nyanza". Wilaya ya Busia yenyewe ilikuja na uhuru, 1963. Ukitafuta habari za Bunyala, jaribu pia "Central Kavirondo" na "Central Nyanza". Andika kila jina peke yake, moja baada ya jingine. Usiyarundike yote kwenye sanduku moja la kutafutia.

Majina ya watu nayo yamebadilika. Iteso utawakuta kama "Elgumi", "Wamia" au "Itesyo". Ng'ambo, sehemu za Tororo na jirani zake ziliitwa "Bukedi". Webuye ilikuwa "Broderick Falls", na jina hilo litakusaidia hasa ukifuatilia reli iliyopita Malaba kwenda Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Yatumie majina haya kutafutia tu. Mengine yalibandikwa na wageni, au na majirani waliokuwa na uhasama, na wenyewe hawakuyapenda. Ukiandika kazi yako, waite watu kwa jina wanalojiita.

Jambo jingine ambalo mgeni hulisahau na wewe hupaswi kulisahau: Busia ziko mbili. Uganda nayo ina Wilaya ya Busia, iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Malaba pia iko kila upande. Kabla hujanakili takwimu yoyote, tazama makala inataja shilingi ya wapi na mji upi wa jirani. Ukiona Nambale, Funyula au Amukura, uko nyumbani. Ukiona Masafu au Lumino, umevuka.

Ukishayapata majina, yafunge kwenye alama za usemi. Andika "Elgon Nyanza" pamoja na alama zake, Google italeta maneno hayo yakiwa yamefuatana. Ongeza filetype:pdf upate makala na ripoti badala ya matangazo. Ukitaka kutafuta ndani ya tovuti moja tu, andika site: kisha anwani yake bila kuacha nafasi. Mfano mzuri wa kuanzia ni huu: "Iteso" "Busia" site:ac.ke. Utaletewa kazi za vyuo vikuu vya Kenya peke yake.

Na usidharau maneno ya Kiswahili. Wasomi waliochunguza biashara ya kuvusha bidhaa kimyakimya enzi za Idi Amin waliandika kwa Kiingereza, lakini neno walilotumia ni "magendo". Nelson Kasfir ana makala ya mwaka 1983 kuhusu dola, magendo na kuzuka kwa matabaka nchini Uganda, na wengine wengi wanaitaja. Andika "magendo" na "Uganda" na "coffee" pamoja. Ongeza "Chepkube", soko la mpakani upande wa Bungoma lililovuma kwa kahawa katikati ya miaka ya 1970. Wazee wa pande hizi wanalikumbuka vizuri, na ukishasoma makala mbili tatu utakuwa na maswali ya kuwauliza.

Twende kwenye anwani za zamani. Miaka ya 1990, kabla Google haijazaliwa, wakutubi wa vyuo vikuu vya Marekani walikaa wakaorodhesha kwa mkono kila kitu kilichohusu Afrika kwenye intaneti. Karen Fung wa Stanford aliitunza orodha iitwayo *Africa South of the Sahara*. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuwa na kurasa za kila nchi, Kenya ikiwemo. Columbia walikuwa na yao pia. Mimi bado nazithamini sana orodha hizi, kwa sababu mtu aliyejua kazi yake alikaa akachagua. Mashine hupanga kwa umaarufu. Mkutubi alipanga kwa manufaa.

Shida ni kwamba viungo vingi vya humo vimekufa. Ukibonyeza, unaambiwa ukurasa haupo. Usifunge. Bonyeza kiungo kwa muda mrefu, nakili anwani yake, kisha nenda web.archive.org na uibandike pale juu. Hiyo ni Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lililoanza kuhifadhi kurasa za intaneti mwaka 1996. Itakuonyesha kalenda. Miaka yenye nakala imewekewa alama. Chagua mwaka mmoja kati ya 1998 na 2003, kisha gusa tarehe yenye duara. Ukurasa utafunguka jinsi ulivyokuwa siku ile.

Nakala moja ikigoma, jaribu ya mwezi mwingine. Ikigoma nayo, futa kipande cha mwisho cha anwani mpaka ubaki na jina la tovuti pekee, halafu uingie kwa mlango wa mbele na kutafuta mwenyewe. Na hapa kuna habari njema kwa mwenye bando dogo: kurasa za miaka ile ni maandishi matupu. Hazina video wala picha kubwa, kwa hiyo hufunguka hata mtandao ukiwa umedorora.

Sasa mijadala. Hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Kenya ilipounganishwa kikamilifu na intaneti, mwaka 1995, laini za simu zilikuwa za polepole na dakika zilikuwa ghali. Barua pepe ndiyo iliyofaa, kwa kuwa ni nyepesi na unaweza kuisoma baada ya kukata laini. Ndiyo maana wasomi wa Afrika walijadiliana kwa vikundi vya barua pepe. Uliingia kwa kuiandikia kompyuta barua ya mstari mmoja: SUBSCRIBE, jina la kikundi, kisha jina lako. Basi. Baada ya hapo kila aliloandika mmoja liliwafikia wote, awe Nairobi, Leiden au Michigan.

Kikubwa kati ya hivyo ni H-Africa, kilichoanza 1995 chini ya H-Net, mtandao wa wasomi ulio na makao yake Chuo Kikuu cha Michigan State. Bado kiko hai, na barua zake za zamani zimehifadhiwa. Andika H-Africa kwenye Google, ingia H-Net, tafuta sehemu ya kumbukumbu za majadiliano, kisha tumia yale majina niliyokupa: Kavirondo, Bukedi, Teso. Ndugu zake wapo pia. H-AfrArts ni ya sanaa, H-AfrLitCine ya fasihi na filamu.

Mjadala wa zamani una namna yake ya kusomwa. Tazama kwanza tarehe, jina na chuo cha mwandishi. Kisha usiishie kwenye swali. Shuka kwenye majibu, maana hapo ndipo mtu mmoja anataja kitabu, wa pili anamkosoa, wa tatu anataja faili la nyaraka ambalo halipo kwenye orodha yoyote. Nakili kila kichwa cha kitabu kinachotajwa zaidi ya mara moja. Orodha hiyo ndiyo mavuno yako. Maoni yenyewe yaangalie kwa tahadhari, kwa sababu mtu akiandika barua pepe usiku hapimi maneno kama anavyoyapima akiandika kitabu.

Kulikuwa pia na Usenet, uwanja wa wazi ambako yeyote aliandika. Kikundi kiitwacho soc.culture.african kilikuwa na mabishano makali. Google Groups iliacha kupokea barua mpya za Usenet Februari 2024, ila za zamani zinasomeka. Huko usiende kutafuta ukweli wa historia. Nenda kama unataka kujua Waafrika waliokuwa ng'ambo walizungumza nini, na kwa hasira gani, wakati habari zikiwafikia. Kwa mwanafunzi wa siasa au wa lugha hiyo ni mali.

Ukishakuwa na majina ya makala, zipate bila kulipa. Fungua akaunti ya bure JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Inakuruhusu kusoma hadi makala 100 kila siku 30 kwenye skrini, bila kupakua. Zinatosha, labda uwe na njaa isiyo ya kawaida. AJOL, iliyoanza 1998, imekusanya majarida yanayochapishwa Afrika kwenyewe, na mengi yanapakuliwa bure. Michigan State wana mradi wa majarida ya Afrika yaliyochanganuliwa, *Utafiti* la Dar es Salaam likiwemo.

Lakini kwa mtu wa mpakani, hazina ninayoipenda zaidi ni *Uganda Journal*. Lilianza 1934, na Chuo Kikuu cha Florida kimeweka matoleo yake ya zamani mtandaoni bure. Wakenya wengi wanalipita kwa sababu ya jina. Usilipite. Mila, koo na safari za watu haziishii kwenye kizuizi cha forodha, na mengi yanayowahusu Iteso na Wasamia wa upande wako yameandikwa humo kwa sababu ndugu zao wako upande ule.

Kwa kazi za vyuo vya hapa, ingia hazina za mtandaoni za Nairobi, Maseno, Moi na Masinde Muliro. Tasnifu nyingi zimepakiwa nzima. Soma kwanza orodha ya marejeo mwishoni, kisha sura ya pili, halafu ndipo uamue kama kilichobaki kinastahili muda wako.

Usisahau kwamba Busia ni maarufu duniani kwa jambo ambalo wenyeji hawalizungumzii sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ulianza utafiti wa kuwapa dawa za minyoo, kwa awamu, watoto wa shule 75 za msingi za kusini mwa Busia, na kufuatilia afya na mahudhurio yao. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo kwenye *Econometrica* mwaka 2004. Wasomi wakabishana kwa miaka juu ya hesabu zake. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Andika "Miguel Kremer worms Busia" na utapata makala, majibu ya wapinzani na hata data yenyewe. Kama wewe ulikuwa darasa la nne Funyula au Budalangi miaka ile, una la kusema ambalo halimo kwenye makala hizo. Liandike.

Vitabu vitatu vya kuanzia, kama unataka kuazima au kuagiza: *A History of the Abaluyia of Western Kenya* cha Gideon Were, 1967. *The Iteso* cha J. C. D. Lawrance, 1957. Na *Fields of Change among the Iteso of Kenya* cha Ivan Karp, 1978. Hicho cha mwisho ndicho ningekianza kama ningekuwa Amagoro au Amukura, kwa sababu Karp alikaa na watu wa upande huu hasa. Archive.org huazimisha baadhi ya vitabu kwa saa moja kwa wakati. Fungua akaunti, jaribu vyote vitatu.

Ukikosa makala kabisa, mwandikie aliyeiandika. Wasomi wengi hufurahi kupata barua kutoka mahali walipofanyia utafiti. Siri ni kuonyesha kwamba umesoma, na kuuliza jambo moja tu. Barua yako iwe hivi:

"Kwa Profesa, natumai u mzima. Mimi ni mwalimu wa historia karibu na Malaba. Nimesoma muhtasari wa makala yako kuhusu soko la ng'ombe, lakini makala nzima sijaipata. Naomba nakala kwa ajili ya somo la kidato cha tatu. Pia ningependa kujua: zile ripoti za wilaya ulizozitaja zimehifadhiwa wapi? Asante kwa muda wako."

Iandike kwa Kiingereza kama hajui Kiswahili, ila urefu usizidi hapo. Usimtumie maswali kumi, na usimwambie akutumie "kila kitu ulicho nacho". Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha mwache.

Swali lako likiwa la mpaka wenyewe, mstari ulipitishwaje na kwa nini unapinda pale unapopinda, nenda sehemu mbili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa na mfululizo uitwao *International Boundary Study*, na toleo la mwaka 1973 linahusu mpaka wa Kenya na Uganda. Ni fupi, lina ramani, na linapatikana bure. Kisha watafute ABORNE, mtandao wa wachunguzi wa mipaka ya Afrika ulioanza 2007. Hao hawatakushangaa ukiwaambia shamba la babu yako liko Kenya na kisima chake kiko Uganda.

Kuna mahali simu haifiki. Faili za wilaya, zile za karatasi zilizoandikwa na maofisa, ziko kwenye Nyaraka za Kitaifa za Kenya. Kakamega wana tawi, na kutoka Busia unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Usiende mikono mitupu. Beba kitambulisho, kalamu ya risasi, na orodha ya majina ya zamani pamoja na miaka. Ukimwambia mhudumu "nataka historia ya Busia", utakaa sana. Ukimwambia "nataka ripoti za mwaka za North Kavirondo, kuanzia 1925 hadi 1935", ataanza kutafuta. Kama una jamaa Uingereza, mwambie akukagulie mafaili ya Nyaraka za Kitaifa za Uingereza huko Kew: CO 533 ni ya Kenya, CO 536 ni ya Uganda. Aangalie yote mawili.

Kisha fungua kikundi chenu. WhatsApp inatosha. Watu wanane wanaosoma ni bora kuliko mia mbili wanaotuma salamu za asubuhi. Changanya pande mbili: mwalimu wa Malaba, muuguzi wa Busia ya ng'ambo, dereva wa lori anayependa kusoma akiwa kwenye foleni, bibi mmoja wa Chakol ambaye mjukuu wake atamsomea na kumrekodia sauti. Wekeni kanuni moja: anayeleta dai analeta na mahali alipolipata. Picha ya ukurasa isiyo na jina la kitabu wala mwaka irudishwe kwa aliyeituma aikamilishe.

Na kila unachopata, kihifadhi sehemu mbili siku hiyohiyo. Moja jitumie kwa barua pepe, nyingine weka kwenye flashi. Faili lipe jina linaloeleweka: mwandishi, mwaka, neno kuu. "Karp 1978 Iteso" utaliona baada ya miaka mitano. "Document(7)" hutaliona hata kesho. Ukiona tovuti muhimu ambayo haimo kwenye Wayback Machine, rudi web.archive.org, tafuta palipoandikwa Save Page Now, bandika anwani, bonyeza. Dakika moja tu, nayo itabaki kwa atakayeitafuta baada yako.